Mwanzo wa Ulimwengu na Muumba wa Ulimwengu

Safari hii tunapenda kueleza jambo tulilolisikia katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, siku moja ya posho, saa kumi na moja ya jioni. Wakatekumeni walikuwa wamekaa chini ya mwembe, watu wazima kumi na wawili, wengine na vitabu, wengine na simu zao mkononi. Katekista wao, mtu wa bidii ambaye tunamheshimu sana, alikuwa anaeleza maneno ya kwanza ya Nasadiki, yale yanayomtaja Muumba wa mbingu na dunia. Akasema hivi: «Zamani wasiosadiki walitwambia ya kuwa dunia haina mwanzo. Leo wenye elimu wenyewe wamepima kwa vyombo vyao, wakaona ulimwengu ulianza karibu miaka miliari 14 iliyopita. Basi, kitu kilichoanza kina mwenye kukianzisha. Mungu yuko, na elimu imetia sahihi.»

Watu walifurahi. Kisha kijana mmoja, mwanafunzi wa Université de Lubumbashi, akainua mkono, akauliza kwa adabu: «Mwalimu, na kama kesho wenye elimu wakifuta sahihi yao?»

Katekista akajibu ya kuwa hawawezi kuifuta. Kijana akaketi. Siku ya posho iliyofuata hakuja, na ya pili vilevile hakuja.

Sisi tulikuwa pale, na tunaungama ya kuwa siku ile hatukusema neno. Swali la kijana lilikuwa jema, na jibu alilopewa halikutosha. Tukirudi kwa miguu katika vumbi jekundu, katekista alituomba tuandike maelezo ambayo yeye na wenzake wataweza kuyatumia. Maelezo ni haya.

Tuanze na yale yanayofundishwa na Kanisa. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka wa 1870, ulifundisha ya kwamba akili ya mtu, kwa mwanga wake wa asili, inaweza kumjua Mungu kwa hakika, ikianzia kwa viumbe. Mafundisho hayo yanafuata Kitabu cha Hekima, sura ya 13, na mtume Paulo katika sura ya kwanza ya Barua kwa Waroma. Lakini tuangalie vizuri: Mtaguso ulisema ya kuwa akili inaweza. Haukusema ni kwa hoja gani, wala haukuchagua hoja moja na kutulazimisha kuifuata. Tena haukusema hata neno moja juu ya miaka ya ulimwengu. Kwa hiyo katekista anayeweka kuwako kwa Mungu juu ya hesabu ya wenye elimu ya nyota anafanya hivyo kwa mapenzi yake mwenyewe. Kanisa halikumtuma.

Na hesabu ile ilitoka kwa nani? Wengi watashangaa: ilianza kwa padri. Jina lake Georges Lemaître, Mbelgiji, mzaliwa wa Charleroi mwaka wa 1894. Alikuwa askari wa mizinga katika vita vya 1914-1918, kisha akaingia seminari, akapata upadri mwaka wa 1923. Alisoma elimu ya nyota kule Cambridge na Marekani, akarudi kufundisha Louvain. Mwaka wa 1927 aliandika kwa kifaransa, katika gazeti la wenye elimu la Bruxelles, ya kwamba ulimwengu unapanuka: makundi makubwa ya nyota yanaachana, na yale ya mbali yanakimbia kuliko yale ya karibu. Watu wachache waliyasoma maandiko yale. Mwaka wa 1929 Mmarekani Edwin Hubble alitoa vipimo vyake juu ya jambo lile lile, naye akapata sifa yote. Wenye elimu ya nyota walichelewa mpaka mwaka wa 2018 ndipo walipopiga kura ya kuweka jina la padri pamoja na la Hubble juu ya sheria ile.

Mwaka wa 1931 Lemaître alikwenda mbele zaidi. Kama vitu vinaachana, tukirudi nyuma katika wakati tutaviona vinakaribiana, mpaka vyote viko pamoja katika hali moja ndogo na nzito kupita kiasi. Alifikiri juu ya chembe moja ya kwanza iliyopasuka. Mwingereza Fred Hoyle, ambaye hakulikubali wazo hilo, ndiye aliyelipa jina la Mlipuko Mkubwa alipokuwa anasema katika radio mwaka wa 1949. Jina hilo lilibaki. Mwaka wa 1965 Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, walitangaza ya kuwa wamepata joto dogo linaloenea katika anga lote, kama joto linalobaki katika jivu la moto wa jana. Lemaître aliipata habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi mbele ya kufa kwake tarehe 20 Juni 1966.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pio wa XII alihutubia Akademia ya Kipapa ya Elimu. Alisifu uvumbuzi wa wakati wake, akaona ndani yake kama ushuhuda wa ile saa ya kwanza ambayo Mungu alisema na nuru ikawako. Wakristo wengi walipiga makofi. Padri Lemaître, aliyekuwa mmoja wa Akademia ile, hakufurahi. Aliogopa mambo mawili: kwanza, watu watasema padri amebuni mahesabu yake ili kuisaidia dini, pili, imani itafungwa kamba moja na wazo la elimu, na wazo la elimu laweza kubadilika. Mwaka uliofuata Papa alipopokea mkutano wa wenye elimu ya nyota toka inchi zote, hakurudia tena hoja ile. Na Lemaître, katika mkutano mmoja wa mwaka wa 1958, alieleza wazi ya kuwa kwa maoni yake wazo lake linakaa nje ya maswali ya dini na ya filozofia: linamwachia asiyesadiki uhuru wake wa kumkana Mungu. Papa hakumkasirikia. Mwaka wa 1960 Yohane wa XXIII alimweka kuwa mkubwa wa Akademia ile.

Angalieni basi: kijana wa Golf aliuliza katika sentensi moja jambo lililomsumbua padri aliyeligundua wazo lenyewe.

Tena sahihi ile imekwisha kutikiswa. Mwaka wa 1981, katika mkutano uliofanyika Vatikano, Mwingereza Stephen Hawking alieleza wazo la ulimwengu usiokuwa na mpaka wala nukta ya kuanzia. Wengine wanafikiri ya kuwa mbele ya mlipuko kulikuwa na ulimwengu mwingine uliojikunja, kisha ukafunguka. Hakuna aliyethibitisha hayo. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu wa elimu kuyatafuta, na siku akiyapata, katekista wetu atasema nini?

Hatutaki msomaji afikiri ya kuwa tunaidharau elimu. Sisi wa Katanga ndio tungekuwa wa mwisho kuidharau, kwani mawe yetu wenyewe yamesaidia kuhesabu miaka ya dunia. Karibu na Likasi iko Shinkolobwe, ambako uranium ilionekana mwaka wa 1915, na ambako baadaye ilitoka sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Uranium ina tabia moja ya ajabu: inageuka polepole kuwa risasi. Ile iliyo nyingi zaidi kati ya aina zake, ukiwa na kilo moja leo, itabaki nusu kilo baada ya karibu miaka miliari 4 na nusu, na hakuna moto wala barafu inayoweza kuiharakisha. Anayepima uranium iliyobaki na risasi iliyozaliwa ndani ya jiwe anasoma saa. Mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa ng'ambo, yakapimwa hivyo, na leo inajulikana ya kuwa uranium ile ilijiweka katika miamba yetu zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Hiyo ni kweli iliyopimwa, na katekista asiiogope. Mwandishi wa kitabu cha Mwanzo hakukusudia kutuandikia hesabu ya mawe.

Lakini hebu tutazame saa ile inapima nini. Inapima mgeuko. Kulikuwa na uranium, sasa kuna risasi. Elimu yote ya vitu inaenda namna hiyo: inauliza kitu hiki kimetoka katika kitu gani, na kwa njia gani. Hata Mlipuko Mkubwa ni habari ya hali moja iliyogeuka kuwa hali nyingine. Kuumba si mgeuko. Fundi seremala anageuza ubao kuwa kiti. Mungu hakugeuza «utupu» kuwa ulimwengu, maana utupu si ubao, si kitu chochote cha kugeuzwa. Mtakatifu Tomasi wa Akwino anasema wazi ya kuwa kuumba si badiliko; ni uhusiano, ni kule kumtegemea Muumba kwa kuwako kwenyewe. Neno hili, tegemea, ndilo tunalowaomba waseminari kulishika. Swali la mwanzo linauliza: lini? Swali la Muumba linauliza: kwa nini kuna kitu, hata leo, hata saa hii?

Na hapa Tomasi atawashangaza wengi. Katika Summa yake, sehemu ya kwanza, swali la 46, anauliza kama akili peke yake inaweza kuthibitisha ya kuwa ulimwengu ulianza. Anajibu hapana. Sisi Wakristo tunajua ya kuwa ulianza, lakini tunajua kwa imani, sawa na tunavyojua fumbo la Utatu. Tena anaonya ya kuwa mtu anayetaka kuthibitisha jambo la imani kwa hoja dhaifu anawapa wasiosadiki nafasi ya kutucheka, kwa kuwa watadhani tunasadiki kwa sababu ya hoja ile. Karibu mwaka wa 1270 aliandika kitabu kidogo kizima juu ya umilele wa ulimwengu, ili kuonyesha ya kwamba kuumbwa na kutokuwa na mwanzo havipigani kwa akili. Rafiki yake Bonaventura, Mfransiskano, hakukubali. Yeye alifikiri akili inaweza kuthibitisha mwanzo. Mbele yao Mwislamu al-Ghazali, kule Baghdad, mwaka wa 1095, alikuwa ametetea maoni kama ya Bonaventura, na katika siku zetu Mmarekani William Lane Craig ameyarudisha kwa nguvu katika kitabu cha mwaka wa 1979. Ni watu wa akili kubwa, na hoja yao inastahili kusomwa na waseminari mwaka wao wa pili wa filozofia. Lakini haifai kuwa nguzo ya katikati ya nyumba. Nguzo ya katikati ni ile isiyoanguka hata kama ulimwengu ungekuwa hauna siku ya kwanza.

Mtakatifu Augustino anataja, katika Mji wa Mungu, mfano wa wafuasi wa Plato. Tuuweke hapa kwetu. Fikiri ya kuwa mguu umekanyaga vumbi la Golf tangu milele yote, bila siku ya kuanza. Alama ya mguu nayo ingekuwako tangu milele. Hakungekuwa na wakati mguu uliokuwako bila alama. Lakini je, mtu angeweza kusema ya kuwa alama haikufanywa na mguu?

Tufike sasa kwenye hoja yenyewe, na tuieleze kwa mfano wa umeme, ambao watu wa Golf wanaujua sana, hasa kwa kukosekana kwake.

Kuna namna mbili za mfululizo wa sababu. Namna ya kwanza ni kama baba na mtoto. Babu alimzaa baba, baba akamzaa mwana. Babu amekufa, amezikwa, na mwana anaendelea kuzaa. Hahitaji babu awe anamsaidia leo. Tomasi anatoa mfano wa mfua chuma: nyundo moja imevunjika, anachukua nyingine, na nyundo ya leo haipati nguvu kutoka kwa nyundo ya jana. Mfululizo wa namna hii, Tomasi anasema, hatuwezi kuonyesha ya kuwa lazima uwe na wa kwanza. Hivi wale wanaosema «baba yako alizaliwa na nani, na babu yako na nani, mpaka tumfikie Mungu» wamechukua njia ambayo Tomasi mwenyewe hakuichukua.

Namna ya pili ni kama taa. Taa inawaka katika nyumba ya Golf. Inapata umeme kutoka kwa waya wa nyumba; waya kutoka kwa kabini ya mtaa; kabini kutoka kwa nyaya kubwa zinazopita porini; nyaya kutoka kwa mashine za Nseke juu ya mto Lualaba, zilizoanza kazi mwaka wa 1956, ao za Mwadingusha juu ya Lufira, za mwaka wa 1930. Hapa kila kitu kinafanya kazi saa moja na kingine. Waya hauna umeme wake mwenyewe. Unapokea na kupitisha. Ukikata mahali popote, taa zote za mbele zinazimika dakika ile ile.

Sasa mtu mmoja aje aseme: «Hakuna haja ya mashine. Sisi tutarefusha waya. Tutauzungusha dunia nzima, tutaurefusha bila mwisho, na taa itawaka.» Tutamcheka. Urefu wa waya hausaidii kitu. Waya wa mita kumi usio na umeme na waya usio na mwisho usio na umeme ni sawa: giza. Hata waya ukiwa umetandikwa tangu milele, bila siku ya kuanza, bado ni giza. Kama taa inawaka, mahali fulani kuna kitu kinachotoa, si kupokea tu.

Hoja ni hiyo. Vitu tunavyoviona havina kuwako kwao vyenyewe. Mwembe ule chini yake tulipokaa ungeweza kutokuwako; hapo zamani haukuwako, na siku moja utakatwa na mtu anayejenga. Unategemea udongo, maji, hewa, jua. Navyo vinategemea nguvu nyingine ndogo na kubwa, zote saa hii hii. Kila kimoja kimeazima kuwako. Huwezi kueleza deni kwa kuongeza wadeni. Mtu amekopa kwa jirani, na jirani alikopa kwa mwingine, na yule kwa mwingine: ikiwa wote wamekopa tu, pesa zilizo mkononi zimetoka wapi? Lazima awepo mmoja ambaye hakuazima, ambaye kuwako ni kwake mwenyewe. Huyo, anasema Tomasi, wote wanamwita Mungu.

Msomaji ataona ya kuwa hatukusema kitu juu ya miaka miliari 14. Wenye elimu wakiifuta kesho, hoja haikuguswa.

Mtoto wa katekesimu atauliza, na wakubwa nao wanauliza kwa majivuno: na Mungu, nani aliyemwumba? Swali hili lingetupata kama tungekuwa tumesema «kila kitu kina sababu». Hatukusema hivyo, na tunawaomba makatekista wasiseme hivyo kamwe, maana ndio mlango tunaoufungua wenyewe na kisha tunalalamika ya kuwa mwizi ameingia. Tulisema: kitu kilichoazima kuwako kina mwenye kukiazimisha. Kuuliza nani aliyemwazima asiyeazima ni kupiga maneno mawili yanayopigana.

Shida kubwa zaidi ni ile ya Bertrand Russell. Tarehe 28 Januari 1948, katika radio ya BBC, yeye na Mjesuiti Frederick Copleston walijadiliana juu ya kuwako kwa Mungu. Copleston alishika njia kama hii yetu. Russell hakuvunja pingu za hoja. Alikataa tu kuanza safari. Alisema ya kuwa tunaweza kuuliza sababu ya kila kitu ndani ya ulimwengu, lakini ulimwengu mzima uko tu, basi, na hakuna cha kuuliza. Zamani Mjerumani Kant, mwaka wa 1781, naye alikuwa amekataza akili kutoka nje ya yale yanayoonekana. Tusidanganye waseminari: mtu akikataa kuuliza, huwezi kumlazimisha. Lakini unaweza kumwuliza kwa upole sababu gani anauliza kila siku ya maisha yake, juu ya homa ya mtoto, juu ya gari lisilowaka, juu ya nyota, na anaacha kuuliza pale tu ambapo jibu lingeweza kuwa Mungu. Kwetu sisi hapo ndipo Russell alipokuwa dhaifu, ingawa watu wengi walioisikia radio waliona alishinda kwa wepesi wa ulimi.

Katika inchi zetu kuna msaada mwingine, ambao unakaa ndani ya lugha. Padri Placide Tempels, Mfransiskano aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga, alitoa kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu hapa hapa mjini, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, mwaka wa 1945. Padri Alexis Kagame wa Rwanda akamfuata mwaka wa 1956, akachunguza mzizi -ntu wa lugha yake: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Katika kiswahili tunausikia katika mtu na kitu. Kagame aliona ya kuwa Mungu haingii katika kundi hata moja la makundi haya manne. Yeye si -ntu mmoja mkubwa kati ya -ntu nyingine. Yuko mbele ya vyote na nje ya hesabu yao. Na Waluba wanamwita Shakapanga, baba mwenye kuumba. Wasomi kama Paulin Hountondji wameonya ya kuwa sarufi si filozofia, na kwamba taifa zima halina mawazo ya namna moja. Wana haki. Jina halithibitishi kitu. Lakini katekista anayetaka kueleza sababu gani Mungu si kitu cha kwanza katika mstari wa vitu, kama gari-moshi lilivyo na gari la mbele, atapata njia fupi katika mzizi huo kuliko katika kilatini chetu.

Neno moja juu ya visugulu, kwa kuwa makatekista wengi wanavipenda. Katika vilima vile vya mchwa vya porini kwetu, vingine vimepimwa vikaonekana vina zaidi ya miaka 2000. Watu wanavichimba ili kufyatua matofali. Katekista anasema: tazameni nyumba hii, vyumba, njia za hewa, nani aliyemfundisha mchwa kama si Mungu? Mwanafunzi wa biologia atajibu ya kuwa ni urithi wa tabia uliochujwa kwa vizazi vingi, kama Darwin alivyoeleza mwaka wa 1859, naye atakuwa na haki katika kiwango chake. Njia ya tano ya Tomasi haitafuti pengo ambalo elimu haijajaza. Inauliza sababu gani vitu visivyo na akili vinafuata sheria hata kidogo, na kuelekea mwisho ule ule karibu daima. Na sheria za urithi wenyewe zimo ndani ya swali. Tunapita upesi hapa. Njia hii inataka andiko lake.

Tena tusidai kupita kiasi. Hoja hizi hazimpeleki mtu kwenye Utatu, wala kwenye Msalaba. Mama aliyezika mtoto hatafarijiwa na habari ya waya na mashine, na padri anayemletea hoja siku ya kilio hajui kazi yake. Katekisimu ya mwaka wa 1992 inasema vizuri ya kuwa «uthibitisho» wa kuwako kwa Mungu si wa namna ya elimu ya vitu. Ni hoja zinazokutana na kuleta hakika. Zinafungua mlango. Kijana wa Golf alikuwa amesimama mlangoni, na sisi tulimpa funguo ya karatasi.

Tulimtafuta. Katekista alikwenda kwao, akamwambia mbele ya dada zake: «Mwanangu, ulikuwa na haki, mimi nilijibu vibaya.» Hatujui waalimu wengi ambao wangesema hivyo. Siku ya posho kijana alikuja. Katekista alianza na mfano wa taa, na kama tunavyozoea, umeme ulikatika kabla hajamaliza; watu walicheka, wakawasha simu zao. Kijana akauliza: «Lakini mwalimu, mashine za Nseke nazo zinazungushwa na maji, na maji ni ya mvua, na mvua inapandishwa na jua. Basi Nseke si ya kwanza.» Katekista akakubali ya kuwa si ya kwanza, na ya kuwa jua nalo linapokea. Walibaki na neno hilo mpaka giza likaingia kabisa, wakapatana kuanzia pale juma linalofuata. Taa za mtaa zilirudi karibu saa tatu ya usiku, wakati wote walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani.